Dakika za Kwanza za Sinema: Nani Anaongoza Macho na Masikio Yetu?

Mara nyingi, sinema inapoonyeshwa katika ukumbi wa parokia au wa shule, taa zimekwisha zimwa na picha zimeanza kupita juu ya kitambaa cheupe, huku watu wangali wakitafuta viti, wakisalimiana na kuwanyamazisha watoto. «Haidhuru,» husema mmoja, «mambo bado hayajaanza.» Anakosea. Wazee walisema: nyota njema huonekana asubuhi. Katika dakika zile za kwanza mtengenezaji wa filimu amekwisha kumwonyesha mtazamaji asimame upande gani, amhurumie nani na aogope nini. Na pengine amefanya hayo yote bila neno hata moja.

Tena siku hizi sinema haingoji ukumbi wala kitambaa. Inaingia nyumbani kwa televisheni, na hata mfukoni kwa simu. Kwa hiyo yafaa baba na mama, na wanafunzi pia, wajue kazi hiyo hufanywaje. Tutazame pamoja mianzo ya filimu tatu.

UPEPO WA MLIMANI

Wengi wameona The Sound of Music, filimu ya Robert Wise ya mwaka 1965. Ni habari ya Maria, mpostulanti wa Austria, aliyetumwa kuwalea watoto saba wa kapteni aliyefiwa na mkewe. Kamera ilichukuliwa ndani ya helikopta. Kwanza twaona mawingu na vilele vyenye theluji, wala hatusikii ila upepo. Kisha tunashuka: mabonde yanakuwa ya kijani, ndege wanalia, na muziki unaanza kwa mbali. Mwishowe, katika uwanda wa majani, twaona mtu mdogo anayetembea peke yake. Tunamkaribia, naye anageuka, mikono wazi, na kuanza kuimba.

Kabla hatujalijua jina lake tumekwisha kuonyeshwa ukubwa wa uumbaji, na ndani yake mwanadamu mmoja mwenye furaha. Wimbo unapokwisha kengele zinalia. Maria anaikumbuka konventi, anakimbia. Hivyo tumeijua shida yake yote: moyo unavutwa na milima, na wajibu unamwita kwa kengele.

Lakini kuna fundisho jingine. Helikopta hupiga kelele nyingi, na upepo wake ulimwangusha chini mara kwa mara Julie Andrews, aliyekuwa akicheza kama Maria. Katika filimu, je, twasikia kelele hiyo? Hata kidogo. Sauti ya wimbo ilikuwa imekwisha kuandaliwa mbele, ikaunganishwa na picha. Basi tujue neno hili: sauti tunayoisikia si lazima iwe sauti ya mahali tunapopaona. Kuna mtu aliyeichagua.

WIMBO UNAONYAMAZA

Filimu ya pili ni ya Ujerumani, ya mwaka 1931. Jina lake ni herufi moja tu, M, na aliyeitengeneza ni Fritz Lang. Si filimu ya kuwaonyesha watoto, maana ni habari ya mtu anayewaua watoto mjini. Lakini wazazi na walimu watapata mengi humo. Sinema yenye sauti ilikuwa bado changa, na hii ilikuwa filimu ya kwanza ya Lang yenye sauti. Watengenezaji wengi wa siku zile walijaza filimu zao maneno na nyimbo. Lang alijua pia kuutumia ukimya.

Inaanza gizani, kwa sauti ya mtoto. Kisha kamera yatazama kutoka juu: watoto wamesimama duara uani, wakicheza kwa wimbo unaomtaja mwuaji. Mama mmoja anawagombeza kwa wimbo huo mbaya. Lakini mwenzake, mama Beckmann, anamjibu kwamba maadamu wanasikika wakiimba, walau yajulikana kuwa wapo.

Tulishike neno hilo, kwa maana mwanzo wote umejengwa juu yake. Mama Beckmann anapika chakula na kuandaa meza akimngoja binti yake, Elsie, arudi kutoka shuleni. Saa ya ukutani inalia: adhuhuri. Huko nje Elsie anarusha mpira wake penye tangazo la polisi, lile linaloahidi zawadi kwa atakayemfichua mwuaji. Mara kivuli cha mtu kinaanguka juu ya tangazo. Uso wake hatuuoni. Baadaye anamnunulia mtoto puto kwa mzee kipofu, huku akipiga mluzi.

Mama anangoja. Anasikia hatua za miguu ngazini, anatoka mbio: ni watoto wengine. Anaita jina la binti yake dirishani. Sauti yake inaendelea kuita, lakini picha zinatuonyesha mahali patupu: ngazi bila mtu, dari ya kuanikia nguo, sahani tupu mezani. Ndipo mpira unapobingirika peke yake majanini, na puto linanaswa katika nyaya za simu, kisha linachukuliwa na upepo. Hakuna damu, hakuna kilio. Hata hivyo hakuna mzazi asiyefahamu.

Lang hakutuonyesha uovu wenyewe. Alituweka mahali pa mama. Wako watengenezaji wanaodhani kwamba ili watu waogope ni lazima waone kisu na jeraha. Mpira ule unawakanusha. Na mluzi ule si pambo: baadaye ni yule mzee kipofu atakayemtambua mwuaji, kwa kuusikia tena. Wenye macho walipita karibu naye wasimjue.

SAA NDANI YA MOTOKARI

Filimu ya tatu ni Touch of Evil ya Orson Welles, iliyotoka mwaka 1958. Twaona mikono ikitega saa ya bomu. Mtu analificha nyuma ya motokari na kukimbia. Wanakuja mwanamume na mwanamke, wanapanda bila kujua, wanaondoka polepole katika mji ulio mpakani mwa Mexico na Marekani. Kwa muda wa zaidi ya dakika 3 kamera, juu ya kreni ndefu, inapanda juu ya nyumba, inashuka, inarudi nyuma, wala picha haikatwi hata mara moja. Bibi na bwana waliooana karibuni wanatembea kwa miguu. Motokari inawapita, wanaipita, wanakutana nayo penye kituo cha mpaka. Kila mara twajiuliza: italipuka sasa? Kama picha ingekatwa, tungepumua. Welles hakutupa nafasi hiyo.

Hapo sauti inatupa ushahidi mkubwa. Kampuni iliyotoa filimu iliweka juu ya picha hizo majina ya wachezaji na muziki wa Henry Mancini, wenye ngoma na tarumbeta. Welles hakuridhika na jinsi filimu yake ilivyobadilishwa. Mwaka 1957 aliandika barua ya kurasa 58 kueleza alivyotaka. Alifariki mwaka 1985. Mwaka 1998 Walter Murch aliipanga filimu upya kwa kuifuata barua ile. Majina yakaondolewa, na muziki ule pia. Badala yake zasikika sauti za mji wenyewe: muziki wa baa moja baada ya nyingine, na radio ya motokari ile, inayokaribia na kufifia.

Picha ni zile zile, lakini mtazamaji si yule yule. Katika filimu ya kwanza ngoma zinamwamuru: ogopa! Katika ile ya pili analitafuta lile gari kwa masikio yake mwenyewe.

KUTAZAMA KWA AKILI

Eklezia haikuidharau kazi hii. Baba Mtakatifu Pius XI aliandika juu ya sinema mwaka 1936, katika waraka Vigilanti Cura. Pius XII, katika Miranda Prorsus ya mwaka 1957, alitaka watazamaji wafundishwe, wapate kuifahamu sanaa hii na kuipima kwa dhamiri. Anayeongozwa bila kujua kwamba anaongozwa, huyo uhuru wake umepungua.

Basi, ninyi wanafunzi, jaribuni hivi. Chagueni filimu njema, mtazame dakika zake 5 za kwanza bila sauti. Kisha rudieni, mkifumba macho na kusikiliza tu. Halafu ulizaneni: Kamera imesimama mahali pa nani? Sauti gani imetolewa, na gani imefichwa? Tumeonyeshwa kumpenda nani, na kwa haki gani?

Nanyi wazazi, mkumbukeni mama Beckmann, aliyejua thamani ya kusikia sauti za watoto. Nyumba ikinyamaza kwa kuwa watoto wameinamia simu, msiseme: afadhali wametulia. Ketini karibu nao, mtazame pamoja nao tangu mwanzo.