Chumvi ilivyoikalisha treni ya New York

Usione mji una maghorofa marefu ukadhani umemalizana na bahari. Cheki yaliyowakuta wenzetu wa New York, Marekani, mji ambao mamilioni ya watu huenda kazini kwa treni za chini ya ardhi, nyingine zikipita kwenye mahandaki chini ya mto!

Oktoba 29, 2012 kimbunga Sandy kilitinga. Wakubwa wa reli walikuwa macho, tangu jioni ya jana yake walishasimamisha treni na kuyakimbizia mabehewa sehemu za mwinuko. Sawa, lakini stesheni utaikimbizia wapi?

Kwenye ncha ya kusini ya Manhattan maji yalipanda zaidi ya mita 4 juu ya maji kupwa. Yakateremka ngazi za abiria, yakapenya kwenye matundu ya hewa yaliyoko barabarani. Stesheni ya South Ferry, iliyofunguliwa 2009 kwa zaidi ya dola milioni 500, ikajaa kama kisima. Mali mpya kabisa, miaka mitatu tu!

Kumbe maji yenyewe si kitu, unapiga pampu yanatoka. Noma ni chumvi. Inabaki kwenye nyaya, swichi na taa za kuongozea treni, inakula taratibu kama kutu kwenye bati la pwani. Ndiyo maana handaki la Montague lilifungwa kuanzia Agosti 2013 mpaka Septemba 2014, na lile la Canarsie lilikuja kukarabatiwa 2019, miaka saba baada ya kimbunga.

Pale South Ferry ilibidi kituo kikuukuu cha mwaka 1905, kilichokwishastaafishwa, kirudishwe kazini Aprili 2013. Jukwaa lake fupi, linatosha mabehewa matano ya mbele. Ukikaa nyuma, imekula kwako! Kile kipya kilirudi Juni 2017, kikiwa kimemeza dola nyingine zaidi ya milioni 300.

Safari hii wameweka milango ya kuzuia maji na vifuniko vya ngazi. Ila bahari hapo imeshapanda kama sentimita 30 tangu 1900, na bado inapanda. Stesheni yenyewe iko palepale, maana ndipo feri ya Staten Island inaposhusha watu, na watu wanataka treni.