Usiukate mkomamanga kwa sababu ya maua kudondoka

MKOMAMANGA hupamba nyumba kabla haujatoa tunda. Maua yake mekundu huonekana tangu barabarani, na mtu akipita huuliza ni mti gani. Lakini katika nyumba nyingi furaha hiyo haidumu. Maua yanachanua, yanadondoka, na wenyewe wanaamua kwamba mti ni dume. Linaitwa shoka.

Mti huo haukustahili kukatwa. Mkomamanga mmoja huwa na maua ya aina mbili. Yapo yenye umbo la kengele, membamba kwenye kikonyo. Hayo hutoa chavua, kisha hudondoka. Mengine yana kitako kipana mfano wa mtungi. Hayo ndiyo yanayozaa. Kabla ya kuukata mti, tazama kwanza vitako vya maua.

Anayeanza apande kipande cha tawi, si mbegu, ili apate matunda kama ya mti alioukata. Kijiti kiwe na unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 hadi 25, kizikwe zaidi ya nusu, mahali penye jua. Kwa kuwa mti una miiba, uwe mbali na njia wanapokimbilia watoto. Matunda huanza baada ya miaka 2 au 3.

Mkomamanga huvumilia ukame, ila tunda halivumilii maji ya kushtukiza. Udongo ukikauka sana kisha ukaloweshwa ghafla, komamanga hupasuka likiwa mtini. Mwagilia kwa mpangilio na utandaze majani makavu kuzunguka shina. Ondoa machipukizi yanayoota chini, lakini usikate ncha zote za matawi kama unavyopunguza ua wa michongoma, maana maua hutoka kwenye ncha hizo.

Usiwe na haraka ya kuchuma. Komamanga haliendelei kuiva ndani ya kapu. Huchukua miezi 5 hadi 7 tangu ua kuchanua. Likatwe kwa mkasi, lisivutwe.

Watoto wale punje wakiwa wamevua sare za shule, kwa sababu doa lake halitoki kirahisi. Magome na mizizi asichemshiwe mtoto kama dawa ya minyoo, ina sumu. Tunda linatosha, na maua ni nyongeza kwa aliyesubiri.