Hina, Piko na Ngozi Yetu

Kila Idd inapokaribia, mama na dada zetu hapa Ushirombo hupaka hina. Je, umewahi kujiuliza kwa nini hina haitoki kwa maji ya udhu, lakini baada ya wiki mbili tatu hutoweka yenyewe?

Jibu lipo katika tabaka la juu kabisa la ngozi. Tabaka hili limejengwa kama ukuta. Matofali yake ni seli zilizokwisha kufa, zilizojaa protini ngumu iitwayo keratini, ambayo imo pia katika kucha na nywele. Udongo unaoyashikanisha ni mafuta. Kwa kuwa mafuta na maji havichanganyiki, maji ya mwilini hayatoki ovyo, na ya nje hayaingii ovyo.

Jani la mhina lina rangi iitwayo losoni. Likisagwa na kuchanganywa na maji ya ndimu, losoni hutoka kwenye jani, huzama katika tabaka lile na kuungana na keratini. Huo ni muungano wa kikemia, ndiyo maana sabuni haiuvunji. Mwanzo huwa rangi ya chungwa, kisha hukolea na kuwa kahawia. Viganja na nyayo hukolea zaidi kwa sababu tabaka la huko ni nene. Seli zenye rangi zikipukutika na mpya kupanda kutoka chini, hina nayo huondoka. Na kwa kuwa haiachi ganda, maji ya udhu huifikia ngozi. Rangi ya kucha ni ganda, huyazuia.

Piko ni jambo jingine. Weusi wake hutokana na kemikali ya rangi za nywele, kwa kifupi PPD. Molekuli zake ni ndogo, hupenya ukuta hadi kwenye seli hai, na kinga ya mwili inaweza kuzichukulia kama adui. Mara ya kwanza huenda usione kitu. Mara nyingine ngozi huwasha, huvimba, hutoka malengelenge na hata kubaki na kovu. Kinga haisahau: mtu huyo anaweza kudhurika kila apakapo rangi ya nywele maishani.

Hivyo, hina inayotoa weusi tititi kwa muda mfupi itiliwe shaka. Ikiwasha, ioshwe mara moja. Malengelenge yakitokea, nenda hospitali. Watoto wasipakwe piko kabisa. Wabillahi tawfiq.