Akiba ya Mkulima wa Karafuu Wakati Benki Zinapotoa Faida Ndogo

Wanachama wengi wametuuliza: "Ikiwa benki hutoa faida ndogo, yafaa nini kupeleka fedha huko?" Swali hili ni la haki, nasi twapenda kulijibu kwa hesabu.

Tuseme mtu ameweka shilingi 300,000, na benki yampa shilingi 3 kwa kila mia. Mwaka ukiisha atapata shilingi 9,000. Bei ya mchele na sukari ikipanda kwa kiasi hicho hicho, faida yote imekwenda na maji. Hapo ndipo wengine husema bora fedha zilale chini ya godoro.

Lakini natutazame upande wa pili. Tuseme jirani yake hakuweka kitu. Mwezi wa Mei akapata haja ya shilingi 300,000: mtoto yuko skuli, na shamba limejaa magugu. Akauza karafuu zake zikingali mtini kwa fedha hizo. Zilipochumwa na kukauka, mnunuzi akalipa wachumaji na gharama zote, akabakiwa na shilingi 500,000. Basi aliyekosa akiba amepoteza shilingi 200,000. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya akiba, wala haiandikwi katika kitabu cha benki.

Sote twaijua tabia ya mkarafuu. Mwaka huu huzaa mpaka matawi yakainama, na mwaka wa pili huenda ukapumzika. Kwa hiyo fedha za msimu mzuri si za mwaka mmoja.

Yafaa kwanza kulipa madeni. Zitakazobaki zigawanywe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la chakula, skuli, palizi na ujira wa wachumaji. Hili likae benki mahali pa kutolewa siku yoyote, hata kama faida ni haba. Godoro halizuii moto, mchwa wala mwizi.

Fungu la pili ni la fedha zisizohitajiwa upesi. Amana ya muda maalumu kwa kawaida hulipa zaidi kuliko akiba ya siku zote. Lakini uliza kwanza: ada ni kiasi gani, na ukizitoa kabla ya siku yake utakatwa nini? Anayekaa mbali na Wete au Chake Chake ahesabu na nauli pia.

Fungu la tatu ni la shamba: kupanda miche pahala pa mikarafuu iliyokufa. Mche hukaa kiasi cha miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, basi usiupandie fedha za chakula. Wala mtu asitie mali yake yote mitini. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja.

Wako wanachama wasiotaka riba, iwe ndogo au kubwa. Kwao ziko huduma za benki zinazofuata sharia, na Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, ni miongoni mwa wanaozitoa. Katika mudharaba hakuna faida iliyofungwa tangu mwanzo. Kinachopatikana hugawanywa kwa mafungu mliyopatana. Tukumbuke pia kwamba fedha zilizotimia nisabu na kupitiwa na mwaka hutolewa zaka shilingi 2.50 katika kila mia. Mali iliyolala tu hupungua. Yafaa itafutiwe kazi ya halali.

Mwisho, faida ya benki inapokuwa ndogo, hutokea watu wa kuahidi kubwa. Anayesema atazizidisha fedha zako mara mbili kwa miezi michache, mwambie aanze na zake.

Haba na haba hujaza kibaba. Basi msimu ukifika, kila mmoja wetu atenge mafungu yake siku ile ile anapolipwa kituoni, kabla hajapita dukani.