Safari ya Shujaa na Kiti cha Mfalme: Tunamsomaje Simba Darasani?

Walimu wenzetu wanaofundisha fasihi ya Kiswahili katika shule za sekondari wametuuliza mara kadhaa kama inafaa kutumia filamu katika kufundisha uchambuzi wa wahusika. Jibu letu ni kwamba inafaa, ila kwa masharti. Katika makala haya tunaeleza jinsi tulivyoitumia filamu ya The Lion King, pamoja na kanuni inayojulikana kama safari ya shujaa, kuwafundisha wanafunzi wetu wa mwaka wa pili kuchambua uongozi wa mhusika. Tunaeleza vilevile mahali ambapo kanuni hiyo ilitukwamia mikononi, maana hapo ndipo tulipojifunza zaidi kuliko wanafunzi wenyewe.

Filamu hiyo ilitolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 1994 chini ya waongozaji Roger Allers na Rob Minkoff. Tuliichagua kwa sababu nyepesi: karibu kila mwanafunzi wa hapa Uganda ameiona, na majina yake yanampa mwalimu wa Kiswahili mahali pa kuanzia. Simba na Rafiki hawahitaji maelezo. Pumbaa ni kitenzi, kuduwaa au kuwa mjinga, na ndivyo ngiri huyo alivyo kwa nje, ingawa ukimtazama sana utamwona ana moyo kuliko wengi. Shenzi ni fisi. Sarabi, mama yake Simba, ana jina la mazigazi yale yanayomdanganya msafiri jangwani kuwa ameona maji. Lakini si kila jina ni letu. Mwanafunzi mmoja alikuja na karatasi aliyoitoa kwenye intaneti ikidai kwamba Mufasa ni "mfalme" na Nala ni "zawadi" kwa Kiswahili. Mufasa si neno la Kiswahili. Na Nala, tukilisoma kwa Kiswahili, maana yake ni "mimi nala", jambo ambalo kwa simba jike mwindaji si baya hata kidogo.

Kanuni yenyewe

Safari ya shujaa ni kanuni iliyoelezwa na mtaalamu wa Kimarekani Joseph Campbell katika kitabu chake The Hero with a Thousand Faces cha mwaka 1949. Campbell alilinganisha ngano na visasili vya mataifa mengi, akadai kwamba vyote vina umbo moja lenye sehemu kuu tatu: shujaa anaondoka kwao, anapita katika majaribu yanayombadilisha, kisha anarejea akiwa na kitu cha kuwafaa wenzake. Sehemu hizo tatu alizigawa katika hatua 17. Baadaye Christopher Vogler alizipunguza hadi 12 kwa ajili ya waandishi wa filamu, akazieleza katika kitabu cha mwaka 1992. Hatua hizo ni kama vile mwito, kukataa mwito, kukutana na mshauri, kuvuka kizingiti, majaribu na marafiki na maadui, hadi kurejea na dawa.

Mwanafunzi wa Kiafrika hana haja ya kuanzia kwa Campbell ili aielewe kanuni hii. Campbell mwenyewe alikiri kwamba umbo hilo ni lile la ibada za kuvuka rika, ambazo mwanaanthropolojia Arnold van Gennep alikuwa amezieleza tangu 1909. Tuliwauliza wanafunzi: nani kati yenu anajua jando? Mikono ikainuka, na vijana wa Kigisu wakatueleza habari za imbalu kwa fahari kubwa. Mtoto anatengwa, anafundwa na kuumizwa, anarudi akiwa mtu mwingine na watu wanamwita kwa namna nyingine. Msamiati ulikuwa tayari: kumbi, kungwi, mwali, kufunda. Dakika kumi zilitosha kwa somo ambalo mwaka uliotangulia lilituchukua saa mbili.

Kuna tahadhari moja ambayo hatukuiona mwanzoni. Vogler alipata kufanya kazi Disney na alishirikishwa kama mshauri katika hadithi ya The Lion King. Kwa hiyo mwanafunzi anayetuandikia kwa mshangao kwamba Simba anaafiki hatua zote za safari ya shujaa amegundua tu kwamba nguo inamkaa vizuri yule aliyeshonewa. Si uchambuzi huo. Kazi inaanza pale tunapouliza nguo hiyo inafunika nini.

Simba njiani

Tuanze na mwito. Alfajiri moja Mufasa anampandisha mwanawe juu ya mwamba, anamwonyesha nchi yote inayoguswa na mwanga, anamweleza kwamba siku moja itakuwa yake. Kisha anamfundisha kwamba mfalme anapaswa kuheshimu viumbe vyote, hata swala anaowala, kwa kuwa simba akifa anakuwa nyasi na swala wanazila nyasi hizo. Baba anazungumzia wajibu. Mtoto anasikia mamlaka. Punde tu baadaye Simba anashangilia kwamba akitawala atafanya apendavyo, na hakuna wa kumkataza. Tunawaomba wanafunzi waziweke tuko hizi mbili kando kwa kando na kudondoa ushahidi, kwa sababu uchambuzi wote wa uongozi wake unategemea umbali uliopo kati ya kile baba alichosema na kile mtoto alichosikia.

Kizingiti anakivuka kwa kufukuzwa. Mufasa anakufa korongoni, nyumbu wakiwa wametimuliwa kwa hila ya Scar, na Scar anamwambia mtoto kwamba kosa ni lake, akimbie asirudi. Hapa kanuni ya Campbell inatusaidia kidogo tu. Shujaa wa ngano huondoka kutafuta kitu, Simba anaondoka kukimbia kitu, tena kitu ambacho si cha kweli. Aibu ya uongo ndiyo inayomweka mbali na kwao miaka yote ile.

Ugenini anapokelewa na Timon na Pumbaa, na hapo ndipo linapoingia neno ambalo watalii wameligeuza salamu. Tungependa walimu watumie muda mahali hapa. Kwa Mswahili, anayesema "hakuna matata" kwa kawaida anampokea mwenzake mzigo: mgeni amechelewa, amesahau pesa, amekuja bila taarifa, na mwenyeji anamtuliza kwamba jambo litashughulikiwa. Katika filamu neno lilelile ni falsafa ya kuutua mzigo na kuuacha njiani. Maneno ni mamoja, matumizi yamegeuzwa nje ndani. Kwa mwanafunzi wa isimu huo ni mfano mzuri wa pragmatiki, na kwa anayechambua uongozi ni ufunguo wa mhusika, kwa kuwa Simba anakua kimwili hadi kuwa na manyoya ya shingoni huku akiwa hana mtu yeyote anayemtegemea kwa lolote.

Kisha anakuja Nala. Amevuka mpaka kutafuta msaada kwa sababu nchi ina njaa, na anapomtambua Simba anamweleza wazi kwamba wajibu ni wake. Simba anakataa. Anayeufungua moyo wake ni Rafiki, nyani mzee mwenye fimbo, anayempeleka kwenye maji ajitazame, na akiisha kumpiga fimbo ya kichwa anamfundisha kwamba yaliyopita yanauma lakini mtu anaweza kujifunza kwayo. Kungwi halisi huyo! Wanafunzi hawakuhitaji kuelezwa.

Katika Kanuni ya Vogler, Nala ni msaidizi tu na mleta ujumbe. Ila mwanafunzi mmoja wa kike alituletea insha iliyodai kwamba ukipima uongozi kwa matendo, Nala alikuwa kiongozi kabla ya Simba. Aliiona njaa ya wenzake, alitoka peke yake, alimwambia ukweli mwenye haki ya kiti bila kumwogopa, akarudi naye vitani. Aliongeza habari za Sarabi, anayemkabili Scar mbele ya fisi na kumweleza kwamba mifugo ya porini imehama na chakula hakipo, akapigwa kwa ukweli huo. Tulimpa alama ya juu. Mmoja wetu alipinga kwamba ametoka nje ya swali, tukabishana katika chumba cha walimu mpaka chai ikapoa. Wengi wetu bado tunaona alilijibu swali kuliko sisi tulivyoliuliza.

Kwenye mwamba

Wanafunzi wengi huandika kwamba uongozi wa Simba unaonekana anapompiga Scar. Hatukubaliani nao. Tendo la kiongozi linatokea kabla ya vita, pale Scar anapomshinikiza akiri mbele ya simba majike wote kwamba alimwua baba yake. Simba angeweza kukana. Anakiri, ingawa ni kosa asilolitenda na ingawa anajua anamkabidhi adui silaha. Yule mtoto aliyetaka kufanya apendavyo sasa anasimama hadharani na kukubali kuhojiwa na watu wake. Ukweli unamtoka Scar baadaye kwa kiburi chake mwenyewe, na hapo ndipo vita vinaanza.

La pili ni kwamba hamwui. Anamwambia aondoke asirudi, maneno yaleyale aliyoambiwa yeye utotoni. Scar naye, ili ajiokoe, anawasingizia fisi waliomtumikia, nao wanamsikia. Wao ndio wanaommaliza.

Baada ya hapo mvua inanyesha, Simba anapanda mwamba, ananguruma, na tuko ya mwisho tunaonyeshwa mtoto mchanga akiinuliwa juu. Kwa mujibu wa kanuni, shujaa amerejea na dawa. Darasa letu lilikuwa linakaribia kufunga madaftari, ndipo kijana mmoja aliyekulia katika kambi ya wakimbizi, ambaye kwa kawaida haongei, akauliza: "Mwalimu, fisi wamekwenda wapi?"

Hatukuwa na jibu tayari. Tuliirudisha filamu nyuma. Fisi walikuwa nje ya mpaka tangu enzi za Mufasa, katika nchi ya mifupa ya tembo ambako mwanga haufiki, wakiwa na njaa. Scar aliwapata kwa kuwaahidi shibe. Yale mafundisho mazuri ya swala na nyasi hayakuwahusu, na filamu inapoisha hakuna anayewataja tena. Katika hatua 17 za Campbell na 12 za Vogler hakuna hata moja inayouliza habari za walioachwa nje. Mwanafunzi mwingine akadakia: je, Scar angeshinda, mvua isingenyesha? Hapo darasa likawaka, kwa sababu filamu inataka tuamini kwamba ukame unaisha kwa kupatikana mfalme halali, na sisi sote tunaishi katika nchi ambazo watawala wapya wameahidi mvua.

Kijana wa Kiganda alileta mfano wa kwao. Kwa Kiganda simba ni empologoma, na hilo ni mojawapo ya majina ya sifa ya Kabaka. Mwaka 1966 Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza baada ya ikulu yake kushambuliwa, akafia London mwaka 1969. Mwanawe alikulia huko huko, akatawazwa tarehe 31 Julai 1993, mwaka mmoja kabla ya filamu kutoka. Kijana aliona kila hatua imetimia. Mwenzake akamkumbusha kwamba falme zilifutwa kwa katiba ya 1967 na zilirudishwa 1993 kwa sheria, zikiwa taasisi za kimila zisizo na mamlaka ya kisiasa. Kurejea kulikuwako, ila kiti kilikuwa kimebadilishwa. Tuliwaacha wabishane, kwa Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa kizuri.

Tangu siku hiyo tunaandika ubaoni maswali mawili na kuyatenganisha kwa mstari. La kwanza ni "Alifikaje?", na hilo safari ya shujaa inalijibu vizuri. La pili ni "Anaongozaje?", na hilo halijibiwi na safari. Ushahidi wake hutafutwa kwingine: anamsikiliza nani, anafanya nini na kosa lake, nani anakula chini yake, adui aliyeshindwa anatendewaje, nani yuko nje ya mpaka. Kwa Simba ushahidi wa upande wa pili ni mchache sana, kwa sababu filamu inaisha siku anayoanza kazi.

Ili wanafunzi wasiichukulie kanuni kama sheria, tunawapa pia Fumo Liyongo. Naye anafungwa na mtawala wa Pate anayemhofia, anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, anaishi mwituni. Mpaka hapo Campbell angefurahi. Lakini Liyongo harudi kutawala. Anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni, anakufa amepiga goti kisimani akiwa na upinde mkononi, na watu wanaogopa kuchota maji kwa kumdhania yu hai. Kuna wanafunzi wanaojitahidi kumtafutia "hatua ya kurejea" hata kaburini. Tunawarudishia insha wakaandike upya.

Filamu ina dakika 88, kwa hiyo haitoshi katika kipindi kimoja. Sisi huikata mahali Simba anapokataa maneno ya Nala, tukawapa wanafunzi wiki nzima waandike wanachodhani kiongozi angefanya. Muhula ujao tutabadili utaratibu, tuanze na Liyongo kisha tufuate na Simba, tuone kama wataulizia fisi mapema zaidi. Walimu wanaotaka nakala ya maswali yetu wanakaribishwa idarani.