Sanaa ya Ndani ya Nyumba: Utangulizi wa Mihadhara ya Jioni, Kigali

Fungua kitabu chochote kikubwa cha historia ya sanaa ya Afrika. Utakutana na shaba za Benin, sanamu za Waluba, vinyago vya Wamakonde na makanisa ya Lalibela yaliyochongwa mwambani. Rwanda utaitafuta sana, na ukibahatika utaipata katika sentensi moja, pengine chini ya picha ya kikapu. Mihadhara hii ya jioni, itakayotuchukua mwaka mzima, ni ya watu wanaotaka kujua habari iliyofichwa na sentensi hiyo. Haidai cheti wala usomi wa awali. Fundi seremala, mwalimu, muuza vitenge wa Biryogo, mwanafunzi, mama aliyestaafu: karibuni nyote.

Kupuuzwa huko kuna sababu. Elimu ya historia ya sanaa ya Afrika ilikulia Ulaya, ndani ya makumbusho, na makumbusho yalipenda mti uliochongwa. Sanamu hubebeka, husimama yenyewe juu ya meza, humulikwa taa ikapendeza. Rwanda haikuwa nchi ya vinyago. Ufundi wake mkubwa ulikuwa kwenye ukuta, kwenye mkeka, kwenye kiambaza cha matete kilichogawa chumba, kwenye mapambo ya ng'ombe wa kifalme na vazi la mcheza ngoma. Msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipopita hapa mwaka 1907, mwanaanthropolojia wake Jan Czekanowski alikusanya vitu vya kila namna, na huko Ujerumani vikaingia katika makumbusho ya etnolojia. Kikapu kilichosukwa kwa miezi kikahesabiwa kuwa chombo cha nyumbani, basi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba sisi tusianze na majina ya wachoraji. Tuanze na malighafi na mkono ulioishika. Wapo wanaoianza historia hii kwenye studio za Kigali za miaka ya 2000, kwa kuwa hapo pana majina, tarehe na sahihi pembeni mwa turubai. Kwa maoni yangu, kufanya hivyo ni kuwaondoa wanawake karibu wote katika historia yao wenyewe.

Chukua agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka. Huanzia chini, katikati: shada jembamba la nyasi linazungushwa, linashonewa kwa uzi, mzunguko juu ya mzunguko. Mistari ya kupinda inayopanda ubavuni haichorwi baadaye. Msusi huihesabu kichwani tangu mwanzo, na akikosea mshono mmoja chini, kosa litamfuata hadi juu. Sasa tazama uzi wenyewe. Vikapu vingi vya leo vimeshonwa kwa katani, yaani nyuzi za mkonge, na mkonge si mmea wa huku: asili yake ni Mexico, na Mjerumani Richard Hindorf aliuleta pwani ya Tanganyika mwaka 1893. Kwa hiyo kikapu cha katani hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, hata mwenye nacho akisema ni cha babu wa babu yake. Uzi umetupa tarehe ambayo hakuna aliyeiandika. Kazi yetu ya mwaka huu itakuwa ya namna hiyo.

Imigongo inatupa mtihani mgumu zaidi. Ni sanaa ya Gisaka, mashariki ya nchi, hasa eneo la Nyakarambi katika wilaya ya Kirehe. Mavi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, kisha vidole huyajenga kuwa matuta membamba yaliyonyooka, yakauke, yasuguliwe, ndipo yapakwe rangi: nyeupe ya udongo mweupe, nyekundu ya udongo mwekundu, na nyeusi inayopatikana kwa majivu ya maganda ya ndizi, utomvu wa mshubiri na tunda la porini liitwalo intobo. Masimulizi yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeanza kupamba hivi kuta za ndani. Leo hufanywa juu ya vipande vya ubao, na watalii huviweka kwenye mabegi. Lakini nyumba zenye kuta za zamani zimekwisha bomoka. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwachukua wengi waliojua kazi hii, na wanawake waliobaki Nyakarambi ndio walioishika tena. Je, sanaa ambayo kila kazi yake ya kale imeoza inaandikiwaje historia? Mwanahistoria Jan Vansina, aliyefanya utafiti wa masimulizi ya Rwanda akiwa Astrida, yaani Huye ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1984 kitabu kizima kuhusu njia za kuandika historia ya sanaa ya Afrika. Tutakisoma kwa heshima, na pale penye haja tutabishana nacho.

Majirani tutawatembelea kwa haraka: Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937 na alikopitia Elimo Njau, mchoraji wa picha za ukutani za kanisa la Murang'a. Lubumbashi, Kongo, tutakaa zaidi. Huko, mnamo 1973 na 1974, Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja, na akamweleza mtafiti Johannes Fabian maana ya kila moja kwa Kiswahili, kinasa sauti kikiwa wazi. Mchoraji akawa mwanahistoria, kwa lugha hii hii tutakayoitumia jioni zetu. Binafsi sijui hazina kubwa kuliko hiyo kwa msomaji wa Kiswahili anayeipenda sanaa.

Ndipo turudi Kigali. Studio ya Ivuka, iliyoanzishwa na Collin Sekajugo mwaka 2007. Studio ya Inema, ya ndugu wawili Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza, mwaka 2012. Makumbusho ya sanaa, yaliyohamishwa mwaka 2018 kutoka Rwesero, katika jumba alilojengewa mfalme Mutara III Rudahigwa naye akafariki kabla ya kuliingia, hadi Kanombe. Sekajugo alishiriki katika banda la Uganda kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice mwaka 2022, na banda hilo likapewa tuzo ya kutajwa kipekee. Haya yote yako karibu mno nasi, wahusika wako hai, na barua, picha na risiti zao zinaweza kukusanywa sasa hivi, kabla hazijatupwa.

Jioni ya kwanza ni ya vikapu. Mwenye kikapu nyumbani aje nacho, hata kama kimechakaa. Tutakigeuza na kuanza na kitako. Kabla ya kuja, muulize mama, shangazi au bibi ni nani aliyemfundisha kusuka, alitumia nyasi gani na alizikata wapi. Yaandike majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, uje nayo.