Busia mbili, jina moja: mtego kwa programu za kompyuta
Mfanyabiashara wa mahindi anayetoka Nabuyoga, wilayani Tororo, kwenda mpakani hukuta miji miwili iitwayo Busia: mmoja Uganda, mwingine Kenya.

Kwa kompyuta, huo ni mtego. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, kamusi huhifadhi kila bei chini ya jina. Ikipewa "Busia" mara mbili, bei ya pili hufuta ya kwanza bila onyo, na shilingi za Kenya zaweza kudhaniwa kuwa za Uganda.

Pandas, zana ambayo Wes McKinney alianza kuibuni mwaka 2008, huunganisha orodha na kamusi: kila bei ina nafasi yake na jina lake. Anayeuliza "Busia" hurudishiwa bei zote mbili. Hata hivyo, kinga bora ni kuandika jina pamoja na nchi.